Sentimita Mbili za Mshono

Jibu la kitabu lilikuwa kumi na tatu. Jibu la mama lilikuwa kumi na tano. Swali la pili, kitabu kilisema kumi, mama akasema kumi na mbili. La tatu, kitabu kumi na tano, mama kumi na saba. Binti aliyekuwa akisahihisha aliweka kalamu nyekundu mezani, akajishika kichwa kwa mikono miwili kama anayekizuia kisidondoke.

"Mama, umekosa yote."

"Yote?"

"Yote. Tena umekosa kwa mpangilio."

Meza yenyewe ilikuwa meza ya kukatia nguo. Ilikuwa pia meza ya kulia na ya kupigia pasi, na siku hizi ilikuwa meza ya hesabu, kwa hiyo daftari lilibanwa kati ya pasi na bunda la sare za shule zinazosubiri vifungo, na mara kwa mara pembetatu ya kitabuni ilifunikwa na mkono wa shati la mtoto wa watu. Mama alikuwa fundi cherehani, na nyumbani na kazini aliitwa Fundi, basi. Binti alikuwa kidato cha tatu, na baba yake alimbandika jina la Profesa tangu siku alipoanza kuwasahihisha watangazaji wa redio. Baba naye alikuwa kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kilipakana na sebule, na mlango wa katikati haukufungwa kamwe, kwa sababu Kinyozi hakupenda mazungumzo ya watu yampite, hasa ya watu wa nyumbani kwake.

Profesa alirudi kwenye swali la kwanza, akashuka nalo mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu.

"Tano mara tano, ishirini na tano, sawa. Kumi na mbili mara kumi na mbili, mia moja arobaini na nne, sawa. Ukajumlisha, mia moja sitini na tisa, sawa. Ukatafuta kipeuo cha pili, ukapata kumi na tatu. Umeandika mwenyewe hapa, mwandiko wako huu. Halafu chini, penye jibu, umeweka kumi na tano. Hizi mbili zimetoka wapi?"

Fundi aliinama akatazama, kwa utulivu wa mtu anayeulizwa kitu ambacho kila mtu anakijua.

"Za mshono."

Upande wa pili mashine ya kunyolea ilizimika.

"Za nini?"

"Nafasi ya mshono. Huwezi kukata kumi na tatu kamili, mwanangu. Ukikata kumi na tatu, ukaenda kushona, unabaki na kumi na moja. Hiyo pembetatu itambana mtu."

"Itambana nani? Ni pembetatu, mama. Haivaliwi."

"Leo haivaliwi."

Kinyozi alichungulia mlangoni na kitana mkononi. Nyuma yake mteja mwenye povu kidevuni alijaribu kucheka bila kufungua mdomo. "Mwachie mama yako, Profesa," Kinyozi alisema. "Huwezi kujua. Labda kwenye hiyo hesabu kuna watu wanene."

"Baba, rudi kwa mteja wako."

"Narudi. Lakini mimi nikinyoa naacha kidogo, mtu asije akalalamika. Mama yako ana hoja."

Profesa alichukua kalamu nyekundu, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa kwa herufi kubwa: HATUKATI, TUNAKOKOTOA. Akayapigia mstari chini mara mbili, karatasi ikatoboka.

&nbsp;

Ingekuwa hadithi ya kucheka tu kama isingekuwa chuo. Fundi alifundisha kukata na kushona katika chuo cha ufundi kilicho nyuma ya soko, na alikuwa akifundisha hapo kwa muda. Hilo neno "kwa muda" walimwandikia siku ya kwanza, na muda wenyewe ulikuwa umeshamzaa mkuu wa chuo wa tatu. Huyu wa tatu alikuja na utaratibu: kila mkufunzi lazima awe na cheti kamili cha kidato cha nne, hesabu ikiwemo. Cheti cha Fundi kilikuwa na kila kitu isipokuwa hesabu. Alikuwa amerudia mara mbili na kufeli mara mbili, na mara zote mbili hakuangushwa na asilimia wala sehemu, ambazo alizifanya kila siku kwa kitambaa. Aliangushwa na zile pembetatu zenye pembe mraba, unapewa pande mbili unatakiwa utafute wa tatu. Mtihani ujao ndio ulikuwa wa mwisho. Akifeli, nafasi yake inakwenda kwa mwingine mwaka ukianza.

Mkuu hakumwita ofisini kumkumbusha. Alikuja mwenyewe karakana, wakati wa mapumziko, na suruali yake mpya ya kijivu ameshaivaa.

"Mama, niangalizie hapa kiunoni. Inanipwaya. Siku hizi nafanya mazoezi."

Akapanda juu ya stuli, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakila vitafunio vyao juu ya cherehani, jambo ambalo Fundi aliwakataza kila siku. Fundi alipiga magoti, akajaza pini mdomoni, akaanza kukunja kitambaa nyuma ya mkanda wa suruali.

"Na hicho kitambaa cha ndani kitakachobaki, kata kabisa," Mkuu alisema kutoka juu. "Sipendi kinavyovimba."

"Mm."

"Sasa, kuhusu lile jambo letu. Mimi binafsi sina tatizo na wewe. Ni bodi. Bodi inataka karatasi."

"Mm."

"Na hata ikitokea, sisemi itokee, lakini ikitokea, kuna wasichana wawili wana vyeti vyao, na wote umewafundisha wewe kushika sindano. Mmoja akichukua nafasi si itakuwa ni heshima kwako?"

Mwanafunzi mmoja aliacha kutafuna. Fundi alichomeka pini ya kushoto, akapima kwa jicho, akachomeka ya kulia. Pini ya tatu ilipita karibu sana na ngozi ya Mkuu, lakini haikugusa. Alikuwa mzoefu.

"Mm," alisema.

"Na ile hesabu si ngumu, mama. Ni kujituliza tu. Mimi nilipata A."

Akashuka, akavua suruali nyuma ya pazia, akamkabidhi. Ni hapo ndipo mdomo wa Fundi ulipopata nafasi, na alipozitoa pini zote akakuta yale aliyotaka kusema yametoka nazo.

"Itakuwa tayari lini?"

"Keshokutwa, Mkuu."

&nbsp;

Siku chache zilitosha kuiondoa mbili ya mshono, au angalau kuificha. Fundi alifika kwenye kumi na tatu, mkono ukataka kuongeza, akauvuta, akaacha kumi na tatu ilivyo, akionekana kama mtu aliyelazimishwa kutoka nyumbani bila kufunga mlango. Profesa alianza kuwa na matumaini. Ndipo wakafika ukurasa ambao upande mrefu umeshatolewa, na kinachotafutwa ni mfupi.

"Mrefu ni kumi, huu ni sita," Profesa alisema. "Tafuta huu mwingine."

Fundi akafanya. Kumi mara kumi, mia. Sita mara sita, thelathini na sita. Akajumlisha.

"Kumi na moja na ushee," alisema.

"Mama. Upande mrefu ni ngapi?"

"Kumi."

"Na huu uliotafuta ni mfupi au mrefu?"

"Mfupi."

"Sasa mfupi umekuwaje kumi na moja?"

Fundi alilitazama jibu lake, kisha akaitazama pembetatu, kisha akaamua kwamba kati ya wale watatu waliokuwepo mezani, aliyekosea ni kitabu. Alivuta futi shingoni, ile ya kupimia nguo ambayo hakuivua hata akiwa anaosha vyombo, akailaza juu ya mchoro.

"Tusibishane. Tupime. Unaona? Huu wanaouita kumi, una sentimita tano. Na huu wa sita una nne. Hawa watu hata kupima hawajui, halafu ndio wanitahini mimi."

"Mchoro hauna vipimo halisi. Imeandikwa hapa chini."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini mtu achore kitu, halafu aandike chini yake usikiamini? Mteja akiniletea karatasi, akaniambia gauni ndilo hili lakini usiamini mchoro, namwonyesha mlango."

"Hii si gauni. Nimesema mara ngapi, hii si gauni."

Kinyozi hakuweza tena kuvumilia. Aliingia na ukanda wake wa kunolea wembe na kitana kirefu, akavisogeza vyombo pembeni. "Tatizo lako, Profesa, unafundisha bila mifano. Angalia, Fundi. Hiki kitana ni ukuta. Huu ukanda ni ngazi. Ngazi imeegemea ukutani. Sasa, mtu akipanda ngazi, anafika wapi?"

"Juu," Fundi alisema.

"Umeona? Ameelewa." Ukanda ulilegea ukaanguka kwenye bakuli la vifungo. "Yaani ngazi yenyewe ingekuwa ngumu kidogo, lakini ameelewa."

"Hajaelewa chochote," Profesa alisema, na sauti ilikuwa imeshapanda mahali ambapo haishuki kwa urahisi. "Hakuna anayeelewa chochote humu ndani. Mnajua kuongeza tu. Kila kitu ongeza, ongeza, ongeza. Hata sketi yangu. Tangu kidato cha kwanza naivaa sketi ileile, ndani imejaa kitambaa kama begi la safari, wenzangu wananiita Godoro. Mnajua hilo? Godoro. Wanafunzi wote wana sketi, mimi nina godoro. Hata chuoni ndiyo maana wamekuacha kibarua."

Mteja wa Kinyozi, aliyenyolewa nusu, alipata ghafla shauku ya kusoma tangazo la mafuta ya nywele ukutani.

Fundi alikunja futi yake taratibu, akaivisha shingoni. Akafunga kitabu. Akakiweka chini kabisa, chini ya bunda la sare, akasukuma bunda mpaka likalingana na ukingo wa meza.

"Na bado inakutosha," alisema.

Akaenda akakaa kwenye cherehani, na mguu wake ulipoanza kukanyaga, hakuna aliyeweza kusema kitu kingine kikasikika. Kinyozi alisimama na kitana chake katikati ya nyumba.

&nbsp;

Baada ya hapo mazungumzo yote ya mama na binti yalipitia kwa Kinyozi, na yeye, kwa kazi hiyo, hakulipwa.

"Mwambie mwanao chai iko mezani."

"Chai iko mezani, mwanangu."

"Mwambie mama nimeiona."

"Ameiona. Sasa mimi niondoke au kuna jibu?"

Kitabu kilibaki chini ya sare. Sare zilipungua kadiri zilivyochukuliwa na wenyewe, mpaka jioni moja kona ya kitabu ikaanza kuonekana, na Fundi akaitupia juu shati ambalo hakuna aliyeliagiza. Mtihani ulikuwa umekaribia kiasi kwamba hata Kinyozi aliacha kuutaja.

Ni sketi iliyowakutanisha, tena kwa aibu. Kifungo cha kiunoni kilikuwa kimekataa. Profesa alikuwa ameifunga kwa pini wiki nzima akiificha chini ya sweta, na asubuhi ile mwalimu wa zamu akamvuta pembeni kwenye mstari, mbele ya wavulana, akamwambia akavae nguo zake na si za mdogo wake. Hana mdogo. Jioni aliikunja sketi, akaiweka mezani mbele ya mama yake, akasimama hapo.

Fundi hakuuliza. Aliigeuza ndani nje, akachukua wembe aliokuwa akiuiba kwa mume wake, akaanza kufumua. Mshono wa pembeni ulifunguka na kitambaa cha ndani kikatoka. Mstari mmoja wa mkunjo, rangi yake imefifia. Baada yake mwingine, wa rangi iliyokoza kidogo. Baada yake mwingine. Kila mstari ulikuwa mahali sketi ilipokuwa imeishia mwaka fulani. Kule ndani kabisa kitambaa kilikuwa bado na rangi ya dukani, bluu ya siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, wakati Profesa alikuwa mwembamba kama rula na sketi ilibidi ifungwe kwa kamba.

Profesa alianza kupiga hesabu ya sketi ambazo hazikununuliwa, na ya mambo yaliyofanyika badala yake, ada ikiwa ya kwanza. Hakuwa mtu wa kushindwa na hesabu. Hii aliiacha katikati.

Alivuta kiti.

"Mama. Ukichora kiolezo cha gauni kwenye karatasi, mshono unauweka humohumo?"

Fundi hakuinua macho. "Kipi? Changu au cha kufundishia?"

"Cha kufundishia."

"Cha kufundishia hakina. Kile kinakuwa kamili. Mshono anauongeza mwenye kukata, juu ya kitambaa, kwa chaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui atakayekata anashona kwa nafasi gani. Ukimwekea mbili, na yeye akaongeza mbili zake, gauni la mtu linakuwa hema."

Profesa akasema polepole, kama mtu anayevuka kitu chembamba, "Mtihani ni kiolezo cha kufundishia."

Wembe ulisimama.

"Msahihishaji ana mshono wake," Profesa aliendelea. "Wewe mpe kamili."

"Kumbe," Fundi alisema. Akafikiri. "Sasa mbona hukusema hivyo?"

"Sikujua."

"Siku zote hizi unanipigia kelele kwa kitu ambacho na wewe hukujua?"

"Pembetatu nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni wewe."

Fundi aliguna, guno ambalo halikuwa msamaha lakini lilikuwa njiani. Akafumua kidogo. "Na ule mchoro wao wa uongo?"

"Mteja amekuja, akakuchorea gauni hewani kwa kidole. Halafu akakupa vipimo kwa mdomo. Unakata kwa kidole au kwa vipimo?"

"Kwa vipimo. Kidole cha mteja kina mambo mengi."

"Basi ndiyo hivyo. Mchoro ni kidole tu. Soma namba."

Upande wa pili palikuwa kimya kwa namna ambayo chumba cha kinyozi hakiwi kimya mpaka mwenyewe awe amebandika sikio.

"Na lile la kuondoa," Fundi alisema, sasa akijisemea mwenyewe, "nikipewa vipande viwili vifupi, naunganisha nipate nguo nzima. Nikipewa nguo nzima na kipande kimoja, naondoa nipate kipande kingine."

"Eeh. Lakini uzidishe kwanza, kila namba mara yenyewe, ndipo uondoe. Usiondoe kabla—"

"Nimesikia. Usiniharakishe, nimeshika wembe." Akainua sketi kwenye mwanga. Pembeni palikuwa pamebaki ukanda mwembamba wa kitambaa, wa kushikilia uzi na si zaidi. "Hapa ndio mwisho. Hakuna tena cha kuongeza."

"Nitapunguza kula."

"Hutapunguza. Leta hicho kitabu."

&nbsp;

Ukumbi wa mtihani ulikuwa darasa la wavulana, na madawati yalitengenezwa kwa magoti ya wavulana. Fundi alijipenyeza. Kulia kwake kijana mwenye ndevu tatu alikuwa akiomba kimya kimya, kushoto msichana alikuwa akichonga penseli iliyokuwa imeshachongoka. Msimamizi alipita katikati ya mistari akikagua, akafika kwake akasimama.

"Mama, una kifaa."

"Kifaa gani?"

"Hicho shingoni."

Fundi aligusa. Futi. Asubuhi alikaribia kuoga nayo, akavaa gauni la kutokea, akaivaa na yenyewe bila kujua, kama wengine wanavyovaa saa. Darasa zima lilicheka, hata aliyekuwa akiomba.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Nimesahau tu. Ni kama shanga."

"Kinachoruhusiwa ni rula. Tafadhali."

Akaivua. Msimamizi aliikunja vibaya, ovyo, akaiweka dirishani ambapo Fundi angeweza kuiona lakini asiifikie, na shingo yake ilibaki ikihisi baridi kwa muda wote uliofuata.

Asilimia zilipita. Sehemu zilipita. Pembetatu ya kwanza ilikuja na vipande viwili vifupi, akaunganisha, akaacha jibu kamili, akaliwekea kidole juu ili mkono usirudi kuliongezea. Kisha likaja swali la alama nyingi: mlingoti wa bendera umesimama wima, kamba ya mita kumi na saba imefungwa kutoka ncha yake mpaka kwenye kigingi kilicho ardhini, mita nane kutoka kwenye kitako. Tafuta urefu wa mlingoti. Pembeni walikuwa wamechora mlingoti uliolala upande kama mlevi. Kidole cha mteja, Fundi alijisemea, akasoma namba.

Kamba ndiyo nguo nzima. Kumi na saba mara kumi na saba, mia mbili themanini na tisa. Nane mara nane, sitini na nne. Akaondoa. Mia mbili ishirini na tano. Kipeuo cha pili alikitafuta kwa kujaribu, kumi na nne ikawa ndogo, kumi na sita ikawa kubwa, kumi na tano ikaingia kama kifungo kwenye tundu lake. Akashusha pumzi. Akahamia kwenye nafasi ya jibu, mawazo yakiwa yameshafika swali linalofuata, na mkono, ukiachwa peke yake, ukaandika kumi na saba.

Akaiona. Mlingoti mita kumi na saba. Akairudia kamba: mita kumi na saba. Akaifikiria ile kamba ikishuka kutoka ncha ya mlingoti wa urefu uleule, ikishuka, ikishuka, inafika kwenye kitako na kuishia hapo, haina hata kidogo cha kwenda pembeni, na kule mita nane kigingi kinaitazama kwa mbali kama mtu aliyeachwa kituoni. Hii ndiyo kazi iliyofanywa na sentimita zake mbili za mshono, siku zote na kwa kila pembetatu. Alicheka. Alijaribu kucheka kwa ndani, lakini dawati la wavulana lilikuwa limembana tumbo na kicheko kikatokea juu.

Msimamizi alikuja haraka. "Mama, kuna tatizo?"

"Hapana, baba. Kamba ilikuwa fupi."

Akafuta kumi na saba mpaka karatasi ikawa na manyoya. Akaandika kumi na tano.

&nbsp;

Matokeo aliyasoma Profesa, kwenye simu ya baba yake, wote watatu wakiwa wamesimama katika mlango wa katikati.

"D," alisema.

"Ni kufaulu?" Fundi aliuliza.

"Ni kufaulu."

Fundi alishika ukingo wa mlango. Kinyozi aligeuka akawatangazia wateja wote waliokuwepo, na alipokuta mmoja amesinzia kwenye kiti alimwamsha, akamtangazia peke yake.

"Lakini D, mama?" Profesa alikuwa bado anaitazama simu kwa uchungu. "Baada ya yote yale? Mimi ndiye nimekufundisha. Watu wakiniuliza nitasema nini?"

"Sema mwanafunzi alikuwa mgumu."

"Nitasema ukweli basi."

Asubuhi yake Fundi alikwenda ofisini kwa Mkuu. Mkuu alimkaribisha bila kusimama, jambo lisilokuwa la kawaida yake, maana alikuwa mtu wa kusimama ili aonekane amesimama. Alisoma matokeo, akasoma tena, akatafuta kama kuna kitu kingine cha kutafuta.

"D," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Haya. Utaratibu unasema kufaulu, hausemi kwa kiasi gani. Nimeshawapelekea bodi jina. Kuanzia mwezi ujao wewe ni wa kudumu. Hongera, mama."

"Ahsante."

Alidhani yameisha. Mkuu alikohoa, akapanga kalamu zake upya.

"Funga huo mlango kidogo."

Fundi akafunga. Mkuu alisimama, na hapo sababu ya kutosimama ikaonekana: suruali ya kijivu ilikuwa imefungwa kwa mkanda tu, na chini ya mkanda kifungo na tundu lake vilitazamana bila matumaini yoyote ya kukutana.

"Yale mazoezi," alisema, "niliyaacha."

"Nimeona, Mkuu."

"Nina kikao cha bodi saa nne. Na kitambaa cha ndani ndio ulishakikata, nilikuambia ukate." Uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kusikia habari ya msiba.

Fundi alimzunguka, akageuza ukingo wa kiuno nje kwa vidole viwili. Kitambaa kilikuwepo. Kilikuwa kimekunjwa mara moja, kikapigwa pasi mpaka kikawa bapa kama karatasi, kikashikizwa kwa uzi wa rangi yake, sentimita mbili upande huu na mbili upande ule.

Mkuu alipinda shingo mpaka akaona.

"Hukukata."

"Sikukata."

"Lakini nilikuambia. Na ukasema mm."

"Nilikuwa na pini mdomoni, Mkuu," Fundi alisema. "Ile haikuwa ndiyo."

Akavuta futi shingoni. "Usijivute tumbo, pumua kawaida," alimwambia, akaizungusha kiunoni kwa mtu aliyepata A, akasoma namba, na kabla hajaiandika akaongeza mbili.